Keki za mawe za marehemu Bibi zinatandaa kama chapati. Nakosea wapi?

MjukuuWaMajengo

Habari zenu wapenzi wa jikoni. Nina jambo limenisumbua wiki mbili sasa, naamini humu hakosekani wa kunisaidia.

Marehemu bibi yangu mzaa mama aliishi Majengo, Pumwani. Kabla ya uhuru alikuwa yaya kwa Waingereza fulani kule Muthaiga, na huko ndiko alikojifunza keki ambazo sisi wajukuu tuliziita mawe, maana zina manundu na mabonde, hazina umbo. Ukiuma nje zinavunjika kwa mlio, ndani ni laini, na zile zabibu zilizochomoza juu zimeungua kidogo zikawa na utamu wenye uchungu. Alizipika kila Idi, kila mtoto akapewa mbili ndani ya kipande cha gazeti, na hilo gazeti tulililamba.

Mama anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Nilipomuuliza anataka nini, alinijibu neno moja tu: mawe. Nikalitoa daftari la Bibi. Jalada limeshakatika, na kurasa zimekunywa mafuta hadi zinapitisha mwanga. Alivyoandika ni hivi (rokeki ni "rock cake", jina la Kiingereza la hizo mawe):

"Rokeki. Unga nusu ratili. Siagi wakia 4. Sukari wakia 3. Zabibu wakia 3. Beking pauda vijiko 2. Iliki. Yai 1. Maziwa ya kushikanisha. Moto 400."

Basi, hakuna zaidi ya hapo. Kila wakia niliihesabu gramu 30, nikapata unga 240, siagi 120, sukari 90 na zabibu 90. Maziwa nilitia nusu kikombe kwa sababu niliona unga bado mkavu. Oveni yangu ni ya gesi na namba zake zinaishia 250, hiyo 400 haipo kabisa, nikaogopa kuunguza nikaweka 150. Siagi ni ile laini ya kupaka mkate, yenye mafuta kidogo. Nimejaribu mara tatu. Mara zote tatu zimeyeyuka zikashikana zikawa kitu kimoja bapa, cheupe, kinachonata menoni. Mama nimemficha. Nisaidieni tafadhali.

MwalimuMstaafu

Mwanangu, pole sana, na usikate tamaa, uko karibu kuliko unavyodhani. Nimefundisha sayansi kimu miaka 26, na hizi keki nimezipika na wanafunzi kwenye majiko ya kila aina.

Hesabu yako ya mizani ni nzuri. Ratili moja ni wakia 16, yaani gramu 454 hivi, kwa hiyo nusu yake ni 227. Umezidisha kidogo, lakini umezidisha vyote kwa kiwango kimoja, kwa hiyo hapo hujaharibu kitu.

Kosa kubwa ni moto. Hiyo 400 ni Farenhaiti, kipimo cha zamani. Kwenye oveni yako ni 200. Ukiweka 150, siagi inayeyuka na kukimbia kabla unga haujapata nafasi ya kushika, na keki lazima itandae. Washa oveni dakika 15 kabla, iwe imekolea moto ndipo uingize trei. Dakika 15 hadi 20 zinatosha.

La pili ni maziwa. Bibi hakusahau kuandika kipimo. "Ya kushikanisha" ndicho kipimo chenyewe. Vunja yai, lipige, litie kwanza. Halafu maziwa kijiko cha mezani kimoja, changanya kwa uma, tazama. Ukiona bado kuna unga mkavu chini ya bakuli, ongeza kingine. Mara nyingi huvuki viwili. Donge liwe gumu kiasi kwamba ukichomeka uma katikati, unasimama wenyewe. Nusu kikombe, mwanangu, ni uji.

La tatu ni siagi. Hizo laini zenye mafuta kidogo zina maji mengi, si za kuoka. Tafuta siagi ya maziwa, au ile ngumu ya kupikia, iwe imetoka kwenye friji. Ikate vipande vidogo ndani ya unga, kisha uifikiche kwa ncha za vidole, vidole tu, kiganja kisiguse kwa sababu kina joto. Inua unga juu ukifikicha, uudondoshe, uinue tena. Ukiona umekuwa kama chenga za mkate mkavu, acha papo hapo. Wanafunzi wangu wengi waliharibu hapa, walifikicha mpaka ikawa donge la mafuta. Sukari na zabibu ni baada ya hapo.

Na usizifinyange ziwe mviringo! Chota kwa uma mbili, weka kwenye trei kama lilivyoanguka, acha nafasi. Zile ncha zilizosimama ndizo zinazoungua vizuri.

Keki hizi ni za Uingereza, na zilipata umaarufu mkubwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Siagi na sukari zilianza kugawiwa kwa kipimo mwaka 1940, mayai nayo yakawa ya shida, basi Wizara ya Chakula ya kule ikawahimiza watu wapike hizi kwa sababu zinatumia mayai machache na sukari kidogo. Ugawaji huo haukwisha kabisa hadi 1954. Kwa hiyo Bibi yako akiandika yai moja kwa nusu ratili, hakuwa anabana. Ndivyo zilivyo. Iliki tu ndiyo siioni kwenye mapishi yao. Wao hutia kungumanga au viungo vya mchanganyiko.

OveniYaNgara

Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Gesi ya beking pauda hutanuka zaidi kuliko Mombasa, keki hupanda kwa pupa halafu hulala. Mimi naoka kwa biashara, na mapishi yoyote ya ng'ambo napunguza beking pauda kwa robo. Jaribu kijiko kimoja na nusu.

MwalimuMstaafu

Ni kweli, lakini Bibi huyu aliyapikia haya mapishi hapa hapa Nairobi. Vijiko vyake viwili vimeshazoea hewa hii, mradi viwe vijiko vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu. Mjukuu, nikuulize: ulitumia unga gani? Wa kawaida, au ule uliochanganywa beking pauda tayari?

MjukuuWaMajengo

Mwalimu, nimekimbia jikoni kusoma pakiti. Ni ule uliochanganywa tayari. Kumbe nilikuwa naweka mara mbili! Asante sana, asanteni wote. Kuhusu iliki, samahani, siiachi. Harufu ya Idi nyumbani kwetu ilikuwa ni hiyo.

MwalimuMstaafu

Usiiache, na wala usiniombe radhi. Nilikuwa naeleza zilikotoka tu. Isage muda huo huo, iliki iliyokaa imesagwa hupoteza nguvu.

KijanaWaZiwani

Dada, hamjambo. Mimi nimekulia Ziwani na mama yangu mkubwa alikuwa akioka hivi hivi bila oveni. Nataka kukuuliza, Bibi alikuwa anatumia jiko gani? Kwetu ilikuwa sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, mchanga mkavu chini yake, juu ya mchanga vijiwe vitatu vya kushikilia trei, kisha kifuniko cha bati kimejazwa makaa yanayowaka. Makaa ya juu yalikuwa mengi kuliko ya chini. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu kazi yangu ilikuwa kupepea, na mama mkubwa alikuwa mkali: chini pole, juu kali. Nadhani ndiyo maana keki zilikuwa na ncha nyeusi hivyo. Oveni ya gesi moto wake unatoka chini. Pandisha trei hadi ngazi ya juu.

MjukuuWaMajengo

Kaka, umenirudisha mbali. Ndilo jiko lenyewe, nje mlangoni, na mchanga aliuchekecha kwa ungo wa zamani. Kifuniko alikiinua kwa koleo mara moja tu. Hakuwa anachungulia chungulia. Alikuwa akisikiliza, anasema zikiiva zinanyamaza.

Narudi jikoni Jumamosi.

OveniYaNgara

Anachosema Bibi kipo. Unyevu ukipungua, ule mchemko mdogo wa siagi unatulia. Mimi huwa nasikiliza keki za matunda namna hiyo.

MjukuuWaMajengo

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Nimetumia unga wa kawaida, siagi ngumu, vijiko viwili vya chai vya beking pauda nilivyovisawazisha, iliki punje sita nilizozitwanga saa hiyo hiyo. Baada ya yai nilitia maziwa kijiko kimoja, nikachanganya, bado chini kulikuwa na unga. Cha pili. Mkono wangu ulikuwa unataka cha tatu, nikauzuia. Nikachomeka uma. Ulisimama.

Moto 200, ngazi ya juu. Dakika ya 12 niliona ncha zimeanza kubadilika rangi na hakuna hata moja iliyosogea ilipokuwa. Nilikaa chini kwenye kigoda mbele ya kioo cha oveni mpaka dakika ya 18. Zimetoka 11.

Nilipanga kusubiri sikukuu, lakini Mama alisikia harufu akatoka chumbani mwenyewe. Alichagua ile yenye manundu zaidi, akaivunja juu ya kisahani, akang'oa kwanza zabibu iliyoungua akaila peke yake. Hakusema kitu hadi alipoimaliza na chai. Kisha akaniambia Bibi alikuwa akinyunyiza sukari kidogo juu kabla ya kuingiza motoni, chembe kubwa kubwa, na hilo hakuliandika.

Nimeliandika mimi, kwa kalamu ya bluu, chini ya mwandiko wake. Mwalimu, hiyo sukari niitie kabla au baada ya kuchota kwenye trei?

MwalimuMstaafu

Baada ya kuchota, mwanangu, dakika ile ile unapoingiza. Ukiitia mapema inayeyuka. Na msalimie Mama.