Naomba ushauri: nafuta kuliko ninavyoandika

Habari zenu wakuu. Naandika hadithi fupi, lakini tangu Januari sijamaliza hata moja. Jana usiku nilikaa saa nzima na sentensi moja: "Mama akafunga mlango." Nikaweka akaubamiza, nikarudisha akafunga, mwishowe nikachana karatasi. Daftari langu la kurasa 96 limebaki jembamba, pini za katikati zimelegea. Mashairi hayanitesi hivi. Vina na mizani ya 8 kwa 8 vinanionyesha pa kusimama. Hadithi haina kipimo hicho.

Mnaoandika kila siku, mnajizuiaje kurudi nyuma kusahihisha kabla hamjafika mwisho? Kuna aliyejiwekea dakika 15 tu, bila kufuta chochote, ikamsaidia? Naipenda mno kazi hii, sitaki kuiacha.