Nguchiro wa Barabara ya 12

*Kikundi: UKOO WA BIBI – NGAMIANI, TANGA*

Ijumaa, baada ya magharibi

Nuru: Asalaam aleikum ukoo. Nani yuko tayari kwa Mafia wikiendi hii? Nataka watu 8.

Shangazi Mwanaidi: Waleikum salaam. Mafia tunakwenda na nani? Nauli mmeulizia?

Mjomba Rashidi: Boti mnapandia Nyamisati. Ila papa potwe wanaanza kuonekana mwezi wa 10, sasa hivi mtakuta maji matupu. Mimi niandikeni.

Bibi: 🎤 0:48

Zuu: Bibi anasema yeye hapandi boti, goti linamsumbua. Anauliza pia nani atamwagilia mchicha.

Nuru: 😂😂 Jamani siyo kisiwa! Ni mchezo. Tunacheza humuhumu, kila mtu kwake.

Shangazi Mwanaidi: Nilishatoa begi mvunguni.

Nuru: Sikilizeni. Ni wa Kirusi huu, aliuanzisha Dimitry Davidoff pale Chuo Kikuu cha Moscow miaka ya 1980. Wachache humu ni waovu na wanajuana. Wengine wote ni wema lakini hawajuani. Usiku waovu wanaua mmoja, mchana wote tunabishana na kupiga kura kumtoa tunayemshuku. Mwaka 1997 Mmarekani mmoja, Andrew Plotkin, akaubadilisha, waovu wakawa watu wanaogeuka mbwa mwitu usiku.

Shangazi Mwanaidi: Mbwa mwitu Ngamiani watapita barabara ya ngapi?

Abuu: oya tuweke wachawi, itanoga

Baba Mkubwa Hatibu: Abuu. Futa hiyo.

Abuu: samahani ba'mkubwa

Bibi: 🎤 1:52

Zuu: Bibi anasema hilo neno halichezewi. Anasema zamani pale mtaani kuna mama aliitwa hivyo kisimani, kwa mzaha tu, wenzie wakacheka. Mwezi haukuisha watu wakaacha kununua vitumbua vyake. Alihamia Pangani na mkeka mmoja na watoto wawili. Anasema tafuteni mnyama.

Shangazi Mwanaidi: Nguchiro. Wamenimalizia vifaranga vitatu wiki hii, ndio waovu ninaowajua mimi.

Nuru: Nguchiro safi! Basi waovu ni nguchiro, wema ni kuku. Halafu kuna mpelelezi, kila usiku ananiuliza mimi kuhusu mtu mmoja, namjibu kama ni nguchiro au siyo. Na mbwa, kila usiku anachagua mtu mmoja wa kumlinda.

Baba Mkubwa Hatibu: Nani ataitwa mbwa katika ukoo huu?

Nuru: Mlinzi. Nilitaka kusema mlinzi.

Nuru: Masharti. Kila mtu nitamwambia pembeni yeye ni nani. Usipige picha ujumbe wangu ukaurusha humu. Nguchiro tu ndio wanaruhusiwa kuongea chemba, tena usiku tu. Ukifa umekufa, hakuna kuandika. Kura zinapigwa hadharani, hazipigwi kwangu chemba. Mwisho wa kura saa 3 usiku.

Kassimu: Kwa nini hadharani?

Nuru: Kwa sababu hatuonani sura, Mwalimu. Watu wakicheza sebuleni unamtazama mwenzio macho, unaona anameza mate. Humu kilichopo ni maandishi. Ila maandishi yanabaki kwenye simu, unapanda juu unasoma nani alisema nini na alimpigia nani kura.

Shangazi Mwanaidi: Na Bibi utamwambiaje pembeni na simu yake anaishika Zuu?

Nuru: Nitampigia. Zuu atatoka uani.

Zuu: Nishatolewa nje hata mchezo haujaanza 🙄

Jumamosi asubuhi

Nuru: Kumekucha. Wacheza: Bibi, Baba Mkubwa, Shangazi, Mjomba Rashidi, Kassimu, Rehema, Abuu, Zuu. Nguchiro 2. Usiku wameingia bandani na Mjomba Rashidi kaliwa. Alikuwa kuku.

Mjomba Rashidi: Nimeliwa vipi na mimi niko hapa soko la Deep Sea napima samaki, changu hawa?

Nuru: Mjomba maiti haiandiki.

Mjomba Rashidi: Sawa. Ila changu wapo, kilo tisa.

Nuru: MJOMBA

Baba Mkubwa Hatibu: Innalillahi. Shemeji yetu katutoka mapema. Mimi nauliza, Abuu yuko wapi? Wote wamesema kitu, yeye kimya tangu alfajiri. Kura yangu Abuu.

Kassimu: Baba Mkubwa shikamoo. Ni saa 2 kasoro, Abuu halali mapema na haamki mapema, hiyo tunaijua wote. Nimepiga hesabu kidogo. Tumebaki 7, nguchiro 2. Tukiwa tunachagua kwa kubahatisha tu, bila mpelelezi wala mlinzi, kuku wanashinda mara 8 katika kila mara 35. Hata robo haifiki. Kwa hiyo tusikurupuke.

Shangazi Mwanaidi: Hesabu za Muheza hizo, mmezoea kuhesabu machungwa.

Rehema: Salama Dar jamani. Mimi sina la kusema, namsubiri mpelelezi atuongoze.

Abuu: nimeamka. nilikuwa na abiria wa saa 11 kwenda stendi ndo nikarudi kulala. ba'mkubwa mbona umenivamia hata chai sijanywa

Baba Mkubwa Hatibu: Unajibizana na mimi?

Abuu: hapana ba'mkubwa. nauliza tu. aliyeuliza wa kwanza ndo wa kutazamwa

Shangazi Mwanaidi: Abuu mwanangu hata kama ni mchezo, huyo ni baba yako. Kura yangu Abuu, ukapumzike.

Zuu: Abuu. Anajitetea sana.

Kassimu: Jamani kosa la mtoto hapa ni lipi? Kujibu? Mimi kuna mtu nilitaka kumuuliza swali lakini naona nitakosa adabu, basi.

Baba Mkubwa Hatibu: Uliza Mwalimu, mimi nakusikiliza.

Kassimu: Aah. Basi tu, Baba Mkubwa.

Bibi: 🎤 0:21

Zuu: Bibi hapigi kura. Anasema hamfukuzi mtoto ambaye hajala.

Rehema: Saa 3 kasoro dakika nne, kura ni 3. Nimalize tu. Abuu.

Nuru: Abuu katoka kwa kura 4. Alikuwa kuku.

Abuu: 🐔💔

Nuru: Na wewe usiandike.

Jumapili

Nuru: Kumekucha. Usiku nguchiro walifika mlangoni wakamkuta mlinzi amekaa palepale. Hakuna aliyeliwa. Mko 6.

Bibi: *Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi Mwanaidi: Mmeona?

Rehema: Nimeona.

Kassimu: Bibi shikamoo. Samahani sana. Kile ulichofuta kilikuwa nini?

Baba Mkubwa Hatibu: Kassimu! Unamhoji mama yangu?

Kassimu: Nauliza, Baba Mkubwa. Ni mchezo.

Bibi: 🎤 0:33

Zuu: Bibi anasema marahaba. Alikuwa anamuulizia mama wa nyumba ya pili bei ya ukili wa kushonea mikeka, akakosea mlango. Anasema kama mnataka ukili pia semeni, unauzwa kwa pima.

Baba Mkubwa Hatibu: Basi yameisha. Lakini mimi nawaambieni, anayeishika hiyo simu ni Zuu. Kilichofutwa kakifuta Zuu. Na jana Zuu alikuwa wa tatu kumpigia Abuu. Kura yangu Zuu.

Rehema: Baba Mkubwa kasema kweli. Zuu.

Kassimu: Subirini. Jana Abuu, leo Zuu. Mnaona tunachofanya? Humu ndani aliyezaliwa baada ya 2000 ndiye nguchiro. Nguchiro akiwa mtu mzima tutamtoaje, kila tukitaka kumuuliza tunaanza na shikamoo na tunamaliza na samahani?

Shangazi Mwanaidi: Sasa unataka tuwatukane wakubwa?

Kassimu: Nataka tuwaulize, Shangazi.

Zuu: Basi naongea. Mimi ndiye mpelelezi. Usiku wa kwanza nilimuulizia Kaka Kassimu, ni safi. Jana nimemuulizia Dada Rehema. NGUCHIRO. Kura yangu Rehema. Na Abuu nisamehe.

Shangazi Mwanaidi: Yalaa!

Rehema: Huyu mtoto muongo. Mpelelezi ni mimi. Nilikuwa nimejificha ili nisiliwe. Nimemuulizia Bibi, ni kuku.

Baba Mkubwa Hatibu: Mimi namwamini Rehema. Mtu mzima, ana kazi yake, hana sababu ya kusema uongo.

Shangazi Mwanaidi: Sasa mimi nishike lipi? Wapelelezi wawili, kituo kimoja.

Kassimu: Ndio maana Nuru alisema tupande juu tusome. Nimepanda. Jana Rehema kaandika, nanukuu, "namsubiri mpelelezi atuongoze." Mpelelezi anamsubiri nani? Anajisubiri mwenyewe stendi?

Rehema: Nilikuwa nawazuga nguchiro.

Kassimu: Inawezekana, sikatai. Lakini ona na hii. Kura ya nne jana ni yako, zimebaki dakika nne. Hukusema sababu. "Nimalize tu." Kuku anayeogopa kumtoa kuku mwenzie husitasita, angalau hata neno moja. Wewe ulikuwa unafunga duka.

Shangazi Mwanaidi: Hapo Mwalimu kanigusa.

Baba Mkubwa Hatibu: Mnamwonea Rehema. Mtoto wa watu yuko Dar peke yake, mnamkalia kikao.

Bibi: 🎤 2:15

Zuu: Bibi anasema…

Rehema: Wewe usitafsiri! Una kesi!

Shangazi Mwanaidi: Kweli, aandike mwingine. Kassimu.

Kassimu: Nimesikiliza mara mbili. Naandika kama alivyosema:

Kassimu: "Hatibu mwanangu. Kifuniko cha sufuria ya pilau ya Rehema mmekizozania tangu maulidi ya mwaka juzi. Wewe unasema ulikirudisha, yeye anasema hukurudisha. Kwenye harusi ya Mikanjuni mlikaa jamvi moja, biriani ikaletwa ikaliwa ikaisha, hamkusalimiana. Mimi nilikuwa nawatazama."

Kassimu: "Leo asubuhi Rehema anasema Baba Mkubwa kasema kweli. Mchana wewe unasema Rehema mtu mzima. Jioni Rehema mtoto wa watu. Mapenzi hayo yameota usiku gani?"

Kassimu: Hapo kuna kimya, kama anakunywa maji. Halafu: "Rehema kashasemwa, hana pa kwenda, kesho tutamkuta palepale. Mimi namtoa huyu aliyejificha nyuma ya ukubwa. Andikeni kura yangu Hatibu. Nimemzaa mwenyewe, hakuna wa kunizuia."

Shangazi Mwanaidi: 😂😂😂 Uwiii

Shangazi Mwanaidi: Kaka Hatibu nisamehe, mama kashafungua mlango. Hatibu.

Zuu: Nahamisha kura. Baba Mkubwa. Shikamoo.

Kassimu: Baba Mkubwa Hatibu. Na lile swali langu la jana ndio lilikuwa hili.

Baba Mkubwa Hatibu: Mama.

Baba Mkubwa Hatibu: Mama umenitoa mbele ya watoto?

Nuru: Baba Mkubwa katoka kwa kura 4. Alikuwa NGUCHIRO.

Abuu: NILISEMA 😭😭 aliyeuliza wa kwanza!!

Nuru: Marehemu nyamaza. Leo tu nimekusamehe.

Jumatatu

Nuru: Kumekucha. Nguchiro aliyebaki alimfuata Zuu, akamkuta mlinzi. Hakuna aliyeliwa.

Shangazi Mwanaidi: Mlinzi ni mimi! Usiku wa kuamkia jana nilimlinda Bibi, wa kuamkia leo Zuu. Nilikuwa nimebana kifua siku tatu nzima nisiseme.

Rehema: Haya nimekubali. Kura yangu Rehema. Mnipikie.

Nuru: Kuku wameshinda. Mchezo umekwisha, nimewafufua wote, andikeni.

Kassimu: Niulize tu kwa faida ya darasa. Mlikuwa mnaongea nini huko chemba usiku?

Rehema: Baba Mkubwa ndiye aliyetaka tumle Mjomba kwanza. Kasema Mjomba ataleta habari za samaki, watu watasahau kutafuta nguchiro. Na kweli.

Baba Mkubwa Hatibu: Siri za banda hizo Rehema.

Rehema: Usiku wa pili tukamfuata Bibi. Mimi nilikataa, haki ya Mungu. Kasema Bibi anatujua mno, tukimwacha hatufiki Jumatatu.

Bibi: 🎤 0:09

Zuu: Bibi anacheka tu. Anaguna na kucheka.

Shangazi Mwanaidi: Kaka Hatibu ulitaka kumla mama!

Baba Mkubwa Hatibu: Ni mchezo Mwanaidi. Nuru, wiki ijayo upange tena. Na kura ziwe za siri.

Nuru: Za hadharani, Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa Hatibu: 📷 Picha

Baba Mkubwa Hatibu: Rehema, ni hiki? Kilikuwa stoo nyuma ya madumu ya maji. Sikujua kama kipo.

Rehema: Hicho hicho! Kina pengo pembeni, nililigonga mimi. Nikija mwisho wa mwezi nitakichukua.

Shangazi Mwanaidi: "Sikujua kama kipo." Nuru, huyo mpelelezi anafanya kazi na mambo ya kweli?

Mjomba Rashidi: Kwa hiyo nimefufuka? Changu wamebaki kilo mbili, nani anataka niwapitishie Barabara ya 12?

Zuu: Bibi anasema mlete wote. Na ulete ndimu.