MREJESHO: Bonanza la mtaa ufukweni Luchelele

Wakuu, niliwauliza namna ya kuandaa bonanza la mtaa pale ufukweni Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, watoto wakiwemo, bila kuishia msibani. Limefanyika, wote wamerudi nyumbani salama.

Kibali hakikusumbua: barua ya mwenyekiti wa mtaa, polisi wakajulishwa, basi. Kazi ilikuwa maji. Aliyeshauri kamba na maboya alisema kweli, ila kilichosaidia zaidi ni wavuvi wawili tuliowalipa wakae na mtumbwi, macho kwa watoto tu, simu mfukoni, bia marufuku. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mkija kushtuka keshashuka. Upande wa matete tulifunga kabisa, maana konokono wa kichocho hupenda humo, na mamba nao wana kwao.

Halafu radi. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) tuliuangalia asubuhi, mchana ngurumo zikaanza kusikika upande wa ziwani. MC akazima muziki, watu wote wakaingia kwenye mabasi na madarasa ya jirani, si chini ya miembe wala turubai. Tukasubiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Sato na ugali vikapoa, akina mama wakaninunia. Sawa tu.

Namba 114 ya zimamoto na uokoaji tuliibandika jukwaani, haikupigwa. Mwenye maturubai ndiye bado ananidai, tutaelewana mwisho wa mwezi.