Shosho ameleta majani ya kumfukizia mtoto mwenye pumu. Nifanye nini?

MamaTaji_Umoja
Habari za jioni wenzangu. Kijana wangu ana miaka 9, na pumu imemsumbua tangu akiwa na 3. Baridi hii ya Julai imemkaba vibaya. Usiku kifua kinalia filimbi hadi namsikia nikiwa chumba cha pili. Alikuwa na inhela mbili, ya buluu na ya kahawia. Ya kahawia ilipoisha sikununua nyingine kwa sababu sikuona ikimsaidia papo hapo, na pesa ni ngumu. Sasa shosho yake amekuja kutoka ushago na mfuko wa majani makavu. Anasema tuyachome, mtoto avute moshi, kifua kitalegea. Jirani naye anasema tangawizi inatosha. Mama mkwe simdharau, amelea watoto sita. Lakini naogopa. Kweli kuna mimea inayolegeza kifua?

Mfamasia_Donholm
Pole sana Mama Taji. Ndiyo, ipo. Njia za hewa zimezungukwa na misuli, na pumu ikipanda misuli hiyo inajikaza, hewa inapita kwa shida, ndiyo hiyo filimbi. Teofilini, dawa ya kulegeza misuli hiyo ambayo hadi leo ipo ya vidonge, iligunduliwa kwenye majani ya chai mwaka 1888 na Mjerumani Albrecht Kossel. Lakini usimjazie mtoto strungi. Kikombe kimoja kina chembe tu ya teofilini, na hata kwenye vidonge, kipimo kinachotibu kiko karibu mno na kinachodhuru: kutapika, moyo kwenda mbio, hata degedege.

Kilichonishtua zaidi ni hiyo ya kahawia. Misuli ikilegea, bado ndani ya njia za hewa kuna uvimbe na makamasi. Inhela ya kahawia ndiyo inayotuliza uvimbe, polepole, siku baada ya siku, kwa hiyo huwezi kuona matokeo papo hapo. Akibaki na ya buluu peke yake, misuli inalegea kwa saa chache na uvimbe unabaki palepale.

Mzee_wa_Mwala
Binti yangu, hayo majani yanatoka kwa mmea gani? Tunda lake lina miiba?

MamaTaji_Umoja
Nimemuuliza. Anasema ua ni jeupe, refu kama tarumbeta, na tunda ni la mviringo lenye miiba.

Mzee_wa_Mwala
Basi huo ni mnanaha. Usiuchome! Mimi nilivutishwa nikiwa mdogo. Kifua kilifunguka, siwezi kusema uongo. Lakini usiku ule niliona watu ukutani, nikapiga kelele, koo likakauka, na kwa siku mbili sikuweza kusoma daftari kwa vile macho yalikuwa na ukungu. Mama alilia hadi asubuhi.

Mfamasia_Donholm
Mzee amesema kweli. Mnanaha una atropini. Inazuia ujumbe wa neva unaoiambia misuli ya njia za hewa ijikaze, lakini inazuia pia kwenye macho, moyo na ubongo. Jani moja linaweza kuwa na sumu nyingi kuliko jingine, kwa hiyo hakuna anayejua mtoto amevuta kiasi gani. Na moshi wenyewe, wa aina yoyote, unachokoza pumu. Wanasayansi waliigeuza atropini wakapata ipratropiamu, ambayo ikivutwa ni kidogo sana inayoingia kwenye damu. Hiyo ndiyo hospitali huweka kwenye nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, shambulio likiwa kali.

Chipukizi_Chiromo
Kuhusu tangawizi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliweka viambato vyake kwenye vipande vya misuli ya njia ya hewa ya binadamu katika maabara, na misuli ikalegea. Kinachonivutia mimi ni kwamba viambato hivyo viliongeza nguvu ya dawa za jamii ya ile inhela ya buluu. Vilifanya kazi pamoja na dawa. Ila hayo ni ya maabara, viambato vikiwa vimesafishwa na kupimwa. Chai ya tangawizi mpe anywe kama chai.

Mfamasia_Donholm
Jambo jingine, Mama Taji. Anapovuta inhela, anatumia chombo cha kuvutia dawa (spacer), kile kinachokaa kati ya inhela na mdomo? Kama huna, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ioshe, toboa kitako tundu linaloshika mdomo wa inhela bila kuvuja, naye avutie kwenye mdomo wa chupa. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 1999 ulionyesha chupa ya namna hiyo inafanya kazi kama chombo cha dukani. Na akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani au midomo ikiwa na rangi ya buluu, mkimbize hospitali usiku huohuo huku ukiendelea kumpa ya buluu njiani.

MamaTaji_Umoja
Asanteni kutoka moyoni. Nimemsomea shosho maneno ya Mzee, akanyamaza sana, kisha akafunga mfuko akaniambia nikautupe mahali watoto hawafiki. Sasa yuko jikoni anatwanga tangawizi ya chai. Chupa nimeshaitoboa. Kesho asubuhi tunaenda kliniki kuomba ile ya kahawia.