Kibao kikiwa hakieleweki, gharama ya kuvutwa gari alipe nani?

Wadau, naomba tulijadili hili. Dereva ameegesha mahali alipoamini panaruhusiwa, anarudi anakuta gari limeshavutwa. Anadaiwa faini ya maegesho, na juu yake gharama ya kuvutwa na ya gari kulala yadi. Msimamo wangu: kama kibao hakieleweki, asilipe hata senti. Na kwa vyovyote vile, asilazimishwe kulipia kuvutwa kabla hajasikilizwa.

Yalinikuta mimi. Nguzo moja, vibao vitatu. Cha juu kinakataza kuegesha asubuhi siku za kazi. Cha kati kinaruhusu muda wa saa 2 kwa aliyelipia. Cha chini ni mshale mtupu, rangi imepauka, hujui unafafanua kibao kipi. Niliegesha alasiri, nikalipia, na bado gari likavutwa. Yadi niliambiwa lipa kwanza, malalamiko baadaye, na kila siku gari likilala pale deni linapanda. Faini unaweza kuipinga huku unaendesha gari lako. Gharama ya kuvutwa inakukaba koo: unalipa ili upate usafiri wa kwenda kazini, halafu ndipo uanze kufukuzia pesa yako.

Najua nitaambiwa mwenye leseni lazima azijue alama. Sawa. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama za barabarani uko wazi: duara la buluu lenye ukingo mwekundu na mstari mmoja wa mshazari ni marufuku kuegesha, mistari miwili iliyokatizana, hata kusimama hairuhusiwi. Hapo sibishani na mtu. Ugomvi unaanzia kwenye nyongeza zinazobandikwa chini yake, yaani saa, siku, vibali na mishale, kila moja imewekwa kwa wakati wake bila mtu kurudi kuzisoma zote pamoja.

Uingereza walishalifikisha mahakamani. Mwaka 2000, katika kesi ya Vine dhidi ya halmashauri ya Waltham Forest, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mama aliyefungiwa gurudumu la gari kwa kufuli hakukiona kibao, kwa hiyo hakuwa ameridhia kufungiwa. Mwaka 2015, kesi ya ParkingEye, kampuni ya maegesho, dhidi ya dereva Beavis, Mahakama ya Juu ikabariki tozo ya pauni 85 kwa aliyepitisha muda, na vibao vya pale vilikuwa vikubwa, vingi na vinasomeka. Nazitaja zote mbili makusudi, maana ya pili haimpendelei dereva. Lakini zote zinatazama kitu kilekile: kibao kilikuwaje.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba kila mtu atajidai hakuelewa, na barabara zitaziba. Gari lililoziba njia ya zimamoto au lango la hospitali liondolewe mara moja, hata pasipo na kibao. Ila hapo linaondolewa kwa sababu limeziba njia. Gari lisilomzuia mtu, karatasi kwenye kioo inatosha, na mwenyewe apewe nafasi ya kujieleza.

Kwa aliye kwenye mkasa huu sasa: piga picha ya nguzo nzima kwa kimo cha macho ya aliyekaa kiti cha dereva, kutoka upande uliotokea. Picha ya kibao kwa karibu peke yake inaonyesha maandishi safi ambayo wewe hukuyaona. Ukilazimika kulipa, andika kwamba unalipa huku unapinga.

Wanaotetea utaratibu wa sasa naomba wanijibu: aliyeweka kibao kibovu, na ndiye anayekusanya faini, anapoteza nini kukiacha vilevile?