WENYE SHAMBA LA SABAKI 🌽

Swaleh 07:12
Assalaam alaykum. Mahindi yanakauka jamani. Injini ya lori la marehemu bado yawaka, tuifunge pampu Jumapili. Elfu tano kila nyumba. Nani yumo?

Swaleh 09:40
Tiki za bluu naziona.

Khamis 09:41
Tumesoma, twatafakari 😂

Swaleh 12:05
Omari wewe ndiye fundi, sema basi

Omari 13:30
Nilikuwa chini ya gari. Ile silinda sita ilikuwa yapanda Mazeras na mzigo. Pampu ya inchi 4 haitaki hata robo ya nguvu zake. Injini kubwa ikinguruma kutwa bila mzigo, mafuta hayaungui sawasawa, masizi yajaa. Na dizeli utanunua wewe

Swaleh 13:31
Tutie ya inchi 6, tuwauzie majirani

Omari 13:38
Kuvuta maji ya mto kwa injini ni kibali cha WRA, mamlaka ya maji, kwanza, sembuse kuuza. Pia lori lilikuwa lapoa kwa feni na upepo wa njiani, likisimama likifanya kazi kutwa laweza kuchemka. Hapo yataka maji ya injini yazunguke kwenye koili ya bomba ndani ya pipa, maji ya mto yapite nje yake. Ndani ya injini usiyatie, Sabaki ni tope tupu

Omari 13:39
Na pampu isikae juu ukingoni. Ikizidi mita 7 toka kwenye maji haivuti, hata uifunge injini ya meli

Khamis 13:40
Ya meli niulize bei Kilindini? 🚢

Rukia 13:44
Mpelekeni Khamis akaikalie huko chini, mamba washamjua 🤣🤣

Khamis 13:45
Kile kiatu nilikiacha kwa hiari yangu

Swaleh 13:52
Jamani MAHINDI

Zuhura 16:20
Kabla ya elfu tano, pesa za zile tairi ziliishia wapi?

Swaleh 16:21
Dada Zuhura hilo lilishakwisha

Zuhura 16:21
Mlilimaliza nyinyi wanaume barazani

Ami Bakari 18:55
Waalaykum salaam. Lori ni mirathi na halijagawanywa. Asiliguse mtu kwa spana mpaka dada yenu wa Lamu naye aulizwe.

Swaleh 19:48
Naam Ami. Tumesikia.

Rukia 19:50
Naam Ami 🙏

Omari 20:15
Shemeji ana kipampu cha petroli cha inchi 3 hapo Jomvu. Chatosha kwa sasa. Nani ana gari Jumamosi?

Swaleh 20:16
Basi elfu moja moja ya petroli, mtumieni Omari. USIKU HUU

Rukia 20:30
Mimi mwisho wa mwezi inshallah

Swaleh 21:10
Gari jamani?

Mwanajuma 23:22
Ndiyo natoka kazini. Ni elfu tano au elfu moja? Na huyo wa Lamu nani ana namba yake mpya, ile ya zamani haipatikani tangu ugomvi wa tairi