Re: MG11 yangu (fomu ya polisi wa Uingereza ya maelezo ya shahidi) na "pua ya upanga" (NI HARAKA)

Bi Tatu: Assalaam aleikum jamani. Juzi nimekwapuliwa simu kituo cha basi. Yule kijana nilimwona vizuri: IC3 (ndivyo polisi wanavyoandika mtu mweusi), mwembamba, pua ya upanga. Polisi wakaniunganisha na mkalimani kwa simu, nikasema hivyo hivyo. Mkalimani akatamka "machete". Askari akaacha kuandika: alikuwa ameushika kwa mkono gani? Nilishachoka, nikatia saini. Sasa MG11 ina panga, na Alhamisi naitwa VIPER, kumtambua mtu kwenye video za polisi. Pua ya upanga kwa Kiingereza ni nini?

Mzee Kombo: Pole mwanangu. Ni "aquiline". Kwisha.

Sharifa: Shikamoo mzee wangu, lakini hapana. Aquiline imetoka kwenye Kilatini, aquila, yaani tai. Ni pua yenye kibiongo, imepinda kama mdomo wa ndege. Wakiisifu huiita "Roman", wakimchukia mwenyewe huiita "hooked". Pua ya upanga imenyooka: "straight, narrow". Nina DPSI, diploma ya ukalimani wa huduma za umma, haya ndiyo mambo yangu. Mwenzangu alifasiri pua bapa "flat", askari akaelewa imevunjwa, kama ya bondia. Ilikuwa aseme "broad". Na "snub" ni ile fupi iliyobinuka nchani, msiichanganye na "button" ya mtoto.

Mzee Kombo: Nimefundisha Kiingereza Tanga miaka 26. Kamusi ninayo.

Sharifa: Basi ifungue, mzee wangu.

Bahati: Munacheka na pua. Kule kwetu Maziwa Makuu Wabelgiji walizipima kwa vyuma, na miaka ya 1930 wakawapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye kabila. 1994 kabila liliulizwa kwa vitambulisho hivyo hivyo, kwenye vizuizi. Mutu wa serikali akiniuliza pua ya mutu ikoje, namujibu: anayo moja.

Juma: Ndugu Bahati, hapo sina neno. Ila hata Wazungu wenyewe kwa wenyewe hawakuachana: Darwin, yule mwanasayansi, aliandika kwamba nusura akose safari ya meli ya Beagle kwa sababu nahodha FitzRoy hakulipenda umbo la pua yake! Dada Tatu, usiguse MG11 ya kwanza. Omba uandike ya pili, ueleze kosa la mkalimani. Mimi kwenye kesi ya ajali yangu nilijitia kukata mstari kwa kalamu yangu mwenyewe, wakili wa upande wa pili alinisulubu saa nzima.

Sharifa: Si wakili, ni barrister. Solicitor, wakili wa ofisini, mara nyingi humwachia yeye kuhoji mahakamani.

Juma: Kwa Kiswahili wote mawakili, dada. Alinisulubu.

Mama Faraja: Mmenikumbusha mama. Kila mtoto akizaliwa alimbana pua asubuhi na jioni kwa mafuta ya nazi, ati isimame. Tuko watano, zote bapa. Siku hizi nikifungua hii nazi ya kopo nanusa, hainuki chochote. Nani anakwenda Dar mwezi huu? Nina kilo 8 tu za kupeleka, dawa na viatu vya shule.

Mzee Kombo: Nimefungua. Wameandika tai. Ila tai wa kwetu hajapinda mdomo kiasi hicho.

Juma: Mama Faraja, shemeji yangu anaondoka tarehe 14. Nitumie inbox.

Bi Tatu: Jamani, Alhamisi ni kesho.